Mama Hakushona Sare

Mama yangu hakushona sare ya askari hata moja. Nimelisema hili kwenye mazishi yake, nimelisema kwenye harusi, na bado mdogo wangu anawaambia watu kwamba wakati wa vita vya Wazungu mama alikuwa fundi wa nguo za jeshi. Mama hata kifungo hakujua kushona. Mashati yetu ya utotoni yalifungwa kwa pini.

Kazi yake ilikuwa hii, kama alivyotusimulia mwenyewe baba alipokwisha kufa. Alipokuwa msichana huko mashambani kwetu, palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kuwapelekea askari. Wanawake walisimama mezani kutwa, kisu mkononi, wakikata kabeji nyembamba, kisha inatandazwa kwenye wavu na kuingizwa kwenye joto mpaka ikauke kama tumbaku. Ni kazi ya kweli, na ilichubua vidole. Mimi nimezeeka hapa Shauri Moyo nikigonga bati, naunda masanduku ya wanafunzi, na sijamwambia mtu kwamba mimi ni injinia.

Mwaka huu tukakubaliana kumwekea mama jiwe kaburini. Fundi wa mawe, jirani yangu wa karakana, alikuwa tayari na patasi yake, akingoja maneno tu. Mdogo wangu akaja na yake: "Aliwavika mashujaa."

"Aliwavika nini?" nikamuuliza. "Mama huyu huyu?"

"Kaka, watu wakisoma kabeji watacheka."

"Wacheke! Na wewe ulipokuwa mwalimu ulifundisha uongo?"

"Mimi nimestaafu."

Jiwe halifutwi. Likisema uongo, vitukuu wataumeza wote. Basi nikamburuta mpaka mtaa wa Jericho kwa mama mdogo, dada yake mama, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya wasichana wa kile kiwanda. Nilienda nikijua nimeshinda.

Mama mdogo alitusikiliza, akasema, "Andikeni alishona."

Nusura nidondoke kitini. "Mama, si mlikuwa pamoja pale mezani?"

"Tulikuwa. Tulinuka kabeji mpaka mbuzi wakawa wanatufuata."

"Sasa?"

"Sasa kuna baba yenu."

Baba alikuwa askari katika vita hivyo. Huko walilishwa kabeji kavu ya kuchemsha, akarudi akiichukia, na nyumbani kwetu haikupikwa kamwe. Hayo tuliyajua. Tusilolijua ni kwamba alipokuja kumchumbia mama, alitangaza mbele ya wasichana wote kuwa akimpata aliyekata ule uchafu atamchapa viboko. Mama akanyamaza. Akaolewa hivyo hivyo, na akamwapisha dada yake asiseme.

"Mama, baba ameshakufa."

"Ndiyo maana! Amelala kando yake hapo. Akisoma, dada yangu atahamia wapi?"

"Baba hakujua kusoma!"

"Hata wewe hukujua, ukajifunza ukiwa na wajukuu." Akanikazia macho. "Niliapa mimi."

Mdogo wangu alikuwa anakunywa chai yake akitabasamu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilitamani nyundo yangu. Lakini ungemwambia nini bibi kizee anayelinda neno alilompa dada yake?

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikasema simshonishi mtu ambaye hakushona, na basi, kabeji sitaitaja mbele ya baba. Tuandike: "Alifanya kazi kiwandani wakati wa vita."

"Maneno hayo hayataji mboga?" mama mdogo akauliza.

"Hayataji."

"Weka."

Jiwe likachongwa, likasimama. Majuzi tulienda kupalilia magugu, na kabla sijainua jembe nikamsikia mdogo wangu akiwaeleza wajukuu wake kwamba kiwanda chenyewe kilikuwa cha nguo. Cha nguo! Nikawashika mikono wale watoto, nikawavuta mpaka kwenye ua, mbali na baba, nikainama nikawanong'oneza: kabeji.