Mvua Iliyofuta Namba za Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na mwiko mpya wa kujengea, nimeusugua mpaka unawaka, na Fundi Mkuu akaninyang'anya. Akanipa nyundo ya mbao. "Leo hujengi," akasema. "Leo unabisha hodi." Basi asubuhi nzima nikawa nagonga kuta za nyumba za kaunsili pale Kaloleni, akina mama wakifungua madirisha kuniuliza kama nimerukwa na akili. Ukuta mzima hujibu kwa sauti kavu: ko! Uliotengana ndani hulia kama debe tupu. Vijana, mna mashine za kila aina siku hizi, sawa, lakini ile raha ya kusikia ukuta ukikujibu hamuijui!

Fundi Mkuu alikuwa Mkamba mwenzangu, mtu wa maneno machache na yote makali. Kutoka Kaloleni tulipelekwa mtaa wa Jericho kuziba nyufa, na huko ndiko aliponifunza chokaa. "Saruji ni bosi mkali, haisikilizi jiwe," alizoea kusema. Chokaa ni laini, huacha ukuta upumue. Ukilibana jiwe la zamani kwa saruji, maji hukwama ndani na jiwe linamomonyoka. Alipostaafu nikarithi nyundo yake na cheo chake, na kazi ya kwanza niliyopewa kama msimamizi, jamani, ilikuwa Nyumba ya Shamba!

Iko nyuma ya mtaa wa Mbotela, imezungukwa na mabati na kamba za nguo. Ilijengwa wakati hapo pote palikuwa malisho ya ng'ombe, kabla ya mtaa wowote. Paa limeinuka, baraza ni pana, na mawe yamechongwa kwa patasi moja moja. Kuta zake ni nene, dhiraa nzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole: ngozi ya mawe nje, ngozi nyingine ndani, katikati vifusi na chokaa. Hapa na pale kuna jiwe refu linalopita upande hadi upande kuzishika ngozi zote mbili. Hilo tunaliita jiwe la kufunga. Siku nilipolishika la kwanza moyo ulinidunda kama wa bwana harusi.

Nyumba ile ililindwa na sheria. Serikali ilikuwa imeitangaza kuwa jengo la kumbukumbu, hupigilii hata msumari bila kibali. Lakini ukuta wa baraza ulikuwa umefura tumbo. Nikaugonga: debe tupu. Na kulikuwa na tajiri fulani aliyeimezea mate ile ploti ajenge ghorofa. Mkaguzi wa majengo ya kale akatuambia waziwazi: "Ufungueni ukuta, mrudishe kila jiwe mahali pake. Mkishindwa, hiyo si nyumba ile tena, na nitapendekeza ulinzi uondolewe."

Msanifu majengo wetu, mwanamke kijana aliyeipenda ile nyumba kuliko chakula, akaagiza kila jiwe liandikwe namba kabla ya kuteremshwa.

"Kwa rangi, Madam?" nikauliza.

"Rangi haitoki, fundi. Tutalitia jiwe doa la milele. Tumia chaki."

Niliona ni busara kabisa. Tukaandika, tukateremsha, tukayapanga mawe uwanjani yakapendeza kama wanafunzi paredi. Kilikuwa kiangazi, nani angefikiria turubai? Jumapili, tukiwa kanisani, mvua ikamwagika. Kwaya iliimba vizuri sana, nadhani, maana mimi nilisikia mabati tu.

Woi! Jumatatu tulikuta mawe safi kama mayai, hayana hata namba moja. Picha tulikuwa nazo, lakini zilipigwa kwa mbali, mawe yanaonekana kama punje za mahindi. Msanifu alikaa kwenye matope akacheka, kisha akalia, kisha akasimama. "Fundi, huu ukuta una watu wanaoujua. Waite." Nilimwona amechanganyikiwa, lakini nikaenda mlango kwa mlango.

Wakaja! Dereva mmoja mstaafu akaenda moja kwa moja kwenye jiwe alilonolea kisu kila Krismasi; mfuo ulikuwa bado upo, na akatuonyesha kwa mkono lilikaa juu kiasi gani. Wachezaji wa mpira wakapiga kelele: "Buda, hii ndio ilikuwa goli! Cheki, tulikwaruza na msumari!" Mama mmoja akapata jiwe lenye ndoano ya kamba yake ya nguo. Tukishapata moja, majirani zake hujileta, maana mawe yaliyokaa pamoja miaka mingi hushikana kingo. Watu walibishana, wakachekana, uwanja mzima ukawa kama harusi.

Aliyekataa ni Mama Njeri peke yake, muuza githeri ya mahindi na maharagwe aliyekaa miaka na miaka ameegemea ukuta ule ule. Tulikuwa tumemhamishia ng'ambo ya njia. "Bomoeni tu," alisema. "Ghorofa itaniletea wateja. Mawe yenu yananunua githeri?"

Tukaujenga ukuta upya kwa chokaa, na siku ya Mkaguzi ikafika. Kila jiwe alilouliza lilikuwa na shahidi, ila mawe mawili yanayolingana, yaliyobaki chini, na mianya miwili karibu na mlango. Shahidi hakuna. Mkaguzi akatikisa kichwa. Msanifu akanishika mkono. Mimi nikanyanyua jiwe moja, nikamwomba Mungu, nikalisukuma kwenye mwanya wa kwanza.

"Haiya! Hilo si langu!"

Ni Mama Njeri, anavuka njia na mwiko wa githeri mkononi. "Mgongo wangu usijue jiwe lake? Langu ni laini hapa, na hapa lina kinundu, kinanikuna chini ya bega. Lile pale!" Tukabadilisha. Akaleta kigoda chake, akakaa, akaegemea, akafumba macho. "Eeh. Sasa."

Mkaguzi akainama, akalipapasa. Liling'aa kwa kusuguliwa na mgongo wa mtu mmoja. Akatoa kalamu, akatia sahihi, na mimi mzee mzima nikaruka kama mbuzi!

"Mama Njeri," nikamwuliza, "na ghorofa?"

"Ghorofa nilitaka. Lakini huwezi kuniwekea mgongoni jiwe lisilo langu. Kula githeri, uwache maswali."

Nimestaafu sasa, magoti yamekataa ngazi. Nawaambia nyinyi mnaoanza: jifunzeni chokaa, jifunzeni timazi, lakini kabla ya kugusa jengo ulizeni nani huliegemea. Nyumba ingali imesimama, watoto wa mtaa husomea ndani. Asubuhi nyingi napita na nyundo ile ya mbao, nagonga kwa ndani, upande wa baraza. Ko!

Na Mama Njeri, huko nje, mgongo ukutani, hujibu bila kugeuka: "Karibu, fundi. Tupo."