Vioo Vitatu na Mluzi wa Sandu

Mama mkwe wangu, Zamfira, aliogopa upepo unaopita nyufani kuliko alivyoogopa kifo. Alizaliwa kijijini, akaolewa mjini Galati, akasokota kamba kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na maisha yake yote hakuruhusu dirisha na mlango viwe wazi kwa wakati mmoja. Jino likimuuma, ni upepo. Shingo ikikaza, ni upepo. Hata mumewe, aliyeanguka kazini kwa ugonjwa wa moyo, Zamfira alisema upepo ulimpiga mgongoni.

Dirisha moja tu alilipenda, la jikoni, lililotazama kituo cha tramu, zile treni za barabarani. Hapo aliweka soksi ya sufu yenye ufunguo wa mlango wa chini. Mwanawe Sandu, mume wangu, hakuwahi kubeba ufunguo tangu utotoni. Alisimama chini akapiga mluzi wake, na mama akatupa soksi kutoka ghorofa ya nne. Nilipoolewa nilidhani kazi hiyo itakuwa yangu. Haikuwa.

Sandu alikwenda Italia kujenga nyumba za watu. Mwanzoni alituma salamu. Baadaye akabadili namba, na watu wakatuletea habari kwamba ana mwanamke huko. Akatuacha sisi wawili tupikiane ugali na kutazamana. Mimi sikusoma. Nilikanda unga kwenye duka la mikate, nikiamka kabla hakujapambazuka, baada ya kusikia tramu zote zikilia pale kwenye kona kama nguruwe anayechinjwa. Mama mkwe alizisikia pia, lakini yeye alikuwa anasikiliza kitu kingine nyuma ya kelele hizo.

Madirisha yetu yalikuwa ya mbao, ya enzi za baba mkwe. Kila baridi ilipokaribia niliziba nyufa kwa pamba, nikabandika karatasi juu kwa uji wa unga, na bado pazia lilicheza. Kisha mama akaanza kukohoa. Daktari alimsikiliza kifua, akanigeukia mimi.

"Baridi ya nyumba yenu ndiyo inammaliza. Badilisheni madirisha."

Wakati huohuo kamati ya jengo ilikuwa imeanza kuzivika kuta zetu magodoro ya povu ili joto lisitoke, na mafundi wakakata nyaya za kengele za mlango wa chini. Walisema watazirudisha, hawakurudisha.

Nikaenda dukani kwa fundi Gavril. Alikuwa na sanduku la mbao, ndani yake redio inaimba, na vidirisha viwili vya kujaribia.

"Hili la vioo viwili linazuia baridi vizuri, mama," alisema akifunga. Redio ikaendelea kuimba kama iko chumba cha pili. "Ila kelele utazisikia. Sasa hili la vioo vitatu, kimoja kinene kuliko vyenzake, na raba mbili pembeni." Akafunga. Redio ikakata kama imenyongwa. "Hapo hata mumeo akikoroma hutamsikia."

"Wangu anakoromea Italia."

"Basi kioo hicho unacho tayari!"

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote mawili. Akaweka kijiko chini.

"Sevasta, chukua la baridi tu. Kelele tuachie wenyewe."

"Kelele gani unaipenda, mama? Tramu?"

"Unajua ninachosema."

"Atapiga simu, kama ana mdomo."

"Mdomo anao. Ndiyo maana anapiga mluzi."

"Mama, sijalala usingizi wa binadamu tangu niingie nyumba hii."

"Kwani kwenu ulilala kwenye hariri?"

Nilichagua vioo vitatu. Mwenye kuamka alfajiri ni mimi, mwenye kumsugua kifua kwa siki na mafuta ni mimi, na leo ningechagua hivyohivyo. Fundi alipomaliza, tramu ilipita chini kama picha, bila sauti. Nyumba ikapata joto, kikohozi kikapungua. Lakini mama alikaa jikoni ameegemeza sikio kwenye kioo.

"Umenizika kabla ya siku yangu," alisema.

Jioni moja kabla ya Krismasi, theluji ikianguka, tulikuwa tunakunywa supu ya samaki. Hatukusikia chochote. Alfajiri yake Aglaia, jirani wa ghorofa ya chini, alinishika ngazini.

"Na Sandu mmegombania nini?"

"Sandu yupi?"

"Una wangapi? Jana jioni alisimama hapo nje na begi, anapiga mluzi mpaka mbwa wa mtaa wakakusanyika! Mpaka nimevuta huu mguu wangu nikafika dirishani, yeye anapanda tramu. Nikamwita. Akasema, 'Taa ya jikoni inawaka na soksi haidondoki. Basi nimeelewa.'"

Nilimsihi asimwambie mama. Niliporudi kutoka kazini nikakuta ameshapanda ghorofa zote kwa mguu wake mbovu kwenda kusema.

Zamfira hakulia. Alikuwa amekaa mbele ya dirisha lililo wazi kabisa, theluji imemwagika sakafuni, soksi iko mkononi.

"Mama, upepo unaingia!"

"Uache uingie. Angalau wenyewe umepata njia."

Nilifunga, akafungua. Nikafunga nikienda kazini, nikirudi liko wazi. Bomba la kupashia nyumba joto lilichemka likipasha barabara. Nilimfunga shali mbili kichwani, nikamsogezea kiti nyuma, akakirudisha. Kikohozi kilirudi na safari hii hakikuondoka. Siku zote hizo Sandu hakutokea tena.

Alikata roho kitini, asubuhi, baridi ikiwa kali. Aglaia alijikokota mpaka jikoni kufungua dirisha ili roho ipate pa kutokea, kama tunavyofanya kwetu. Akasimama tu hapo, mikono hewani. Lilikuwa wazi.

Kwenye mazishi Sandu alikuja, habari zimemfikia kwa watu, amevaa koti jipya, akanisemesha mbele ya watu.

"Ulimnunulia mama yangu ukuta."

Jengo zima linayarudia maneno hayo mpaka leo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alipiga mluzi kama mtoto badala ya kumwomba Aglaia amfungulie apande ngazi, wala namba yake ya simu aliipeleka wapi. Wanasema siku ya kurudi Italia alipita chini ya dirisha akasimama kidogo. Huenda alipiga mluzi. Nilikuwa nimeshafunga.