Kibawa cha Kulia

Na wala msiniambie nipunguze jazba. Nimeshaipunguza, hii ndiyo iliyobaki. Hiyo ndege ya kompyuta mnayoicheka kundini, ile inayopiga kona huku vibawa vyote viwili vimenyanyuka kama mtu aliyeambiwa mikono juu, aliyeiaibisha si dada yangu.

Dada yangu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Karakana nzima inamwita Bawaba, maana mlango ukilia yeye anajua unalilia wapi. Ndege hajapanda hata moja. Akitoka kazini anasukuma pasi ya mama pembeni, anawasha kompyuta, anaunda ndege za ile programu ya kujifanya rubani. Mama akipita:

"Bado unacheza tu?"

"Nafunga bawaba, mama."

"Za kabati langu zimelegea tangu mwaka juzi, hizo huzioni?"

Tunacheka.

Kila kipande kinachocheza kwenye bawa anakitafutia bawaba yake, kipinde pale pale, kisitoboe bawa. Kwa ndege hii alimaliza kibawa cha kushoto, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege ikipiga kona, akakigeuza kama kwenye kioo apate cha kulia. Sasa kioo kinaiga kila kitu, mpaka mwendo. Cha kushoto kikipanda, cha kulia nacho juu, wakati kinatakiwa kishuke. Kosa hilo aliliona mapema. Akamtumia sauti mkuu wa kundi, huyo tunayemwita Kapteni na hata baiskeli inamshinda: "Kaka, usiitoe bado. Cha kulia kinamwiga mwenzake." Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimesikia.

Kapteni akaitoa. Jina lake juu, peke yake. Pongezi zikamiminika, "mkuu umetisha", naye anapokea tu. Mpaka mtu akazungusha kamera akaviona vibawa, vicheko vikaanza. Hapo ndipo Kapteni akakumbuka ana fundi: "Vibawa alifanya yule dada wa madirisha. Nimeshamtoa kundini."

Asali kala yeye, nyuki kamwachia dada.

Nikasema namfuata. Dada akanishika shati. "Kaa chini, mdogo wangu. Ukimpiga, kibawa kitashuka?"

Kompyuta kaifunika kitambaa. Bawaba za kabati la mama zimeshakazwa zote, halilii tena, na mimi ule ukimya unanichoma.

Kibawa kashakirekebisha, hana pa kukiweka. Nyinyi mliocheka bado mmo kundini. Sauti ile ninayo, anayetaka aniombe. Sikilizeni, halafu mwambieni Kapteni amrudishe, na ndege iandikwe jina la dada. Leo.