Uzito wa Nyimbo Mia Mbili

Nikiri tu: niliamini kwamba kompyuta ikijazwa nyimbo huwa nzito. Aliyeniambia alikuwa na cheti cha kompyuta, nami nilikuwa na cha shule ya usiku, basi wasomi wawili tukakubaliana.

Mdogo wa mke wangu alikuwa anaagwa Mikumi kabla ya harusi yake, na muziki wa sherehe nilijitolea mimi. Kabla ya kupanda basi Kilosa, niliipima kompyuta na vifaa vyake kwenye mizani ya mahindi ya Mama Rehema: kilo kumi na tano! Nikafuta nyimbo mia mbili, nikatia waya na kibodi kwenye begi, nikapima tena. Kilo mbili zimetoweka! Nilitamba hadi soko zima likanijua.

Ukumbini, bi harusi akasimama mlangoni kusubiri wimbo alioniomba tangu Pasaka. Nikautafuta. Ulikuwa miongoni mwa zile mia mbili. Mama mkwe akanikazia macho.

“Niliufuta ili mzigo uwe mwepesi,” nikatangaza kwenye kipaza sauti. “Mama Rehema ni shahidi, mizani ni yake!”

Mama Rehema, aliyekuwa amealikwa pia, akainuka katikati ya wageni.

“Baba Neema, nyimbo hazina uzito. Mara ya pili hukuweka waya na kibodi kwenye mizani.”