Kofi Moja, Soko la Kibondo

Mimi niliyeanza na baiskeli moja Kasulu nikanunua pikapu kwa maharage tu, na darasa langu la nne, bila kushikwa mkono na mtu, nilikuwa nikitamba kwamba hakuna mzani duniani utakaonishangaza. Leo nakiri mbele yenu kwamba aibu niliyoipata soko la Kibondo bado naisikia masikioni.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, barabara vumbi jekundu, asubuhi baridi mpaka unaendesha na koti (baridi ile naikumbuka kwa mapenzi, sijui kwa nini). Akaja dada mpimaji kutoka Dar, Rehema, akanikodi na pikapu yangu. Alikuwa na chombo kama ndoo yenye miguu mitatu, kinapima jinsi ardhi inavyotuvuta, maana hapa inavuta zaidi, pale pungufu, kutokana na milima na miamba iliyojificha. Tunasimama, anachungulia, anaandika, tunasonga, na jioni lazima turudi kupima tena palepale tulipoanzia Kasulu, na chombo kisigongwe njiani, la sivyo vipimo vya siku nzima ni bure.

Nikamuuliza vinafaa nini.

"Kaka, hata wanakorusha vyombo vya angani hupima hivihivi kwanza. Chombo kikiwa bado kimesimama, kifaa chake cha kuongozea njia kinajua chini ni wapi kwa kuusikia mvuto wa mahali pale. Mlima wa jirani ukiupinda kidogo na hamkupima, kinaondoka na kosa la unywele, na huko juu unywele unakuwa barabara."

Basi! Kibondo nikashuka kama bwana wa roketi. Rehema akakitega chombo kando ya soko, akasema, "Kaka, nanawa tu, usikiguse." Wateja wangu wakajaa, nami nikawahubiria habari za angani. Mama Skola, aliyeniuzia maharage miaka nenda miaka rudi, akachungulia kidirishani mwa chombo.

"Yewe Bosi, mbona kamstari haka hakatikisiki? Kimelala hiki!"

Sisi wa maharage mzani ukilala dawa yake tunaijua. Mkono ukatangulia kabla kichwa hakijaulizwa: pa! kofi la ubavu.

Rehema akarudi, akachungulia, akakaa chini kwenye jiwe.

"Kaka, umekigonga?"

Nikatafuta uongo. Mama Skola akaniwahi: "Kakizaba kofi, mwanangu! Hata mzani wake huuzaba hivyohivyo, gunia langu likapungua kilo mbili!"

Soko zima likalipuka kwa kicheko, mpaka muuza chumvi akaangusha kibaba chake. Lakini kilichonikata maini ni sauti ya yule binti: "Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kupewa peke yangu."

"Kesho tunarudia, dada," nikasema. "Mafuta juu yangu."

Tukarudia kuanzia kituo cha kwanza, kila akichungulia mimi nimeikalia mikono yangu, na jioni Kasulu kipimo kikakubaliana na cha asubuhi, akacheka kwa mara ya kwanza (kicheko kile nacho ninacho mpaka leo). Tangu hapo mzani sijaupiga kofi, hata uliolala kweli, na wateja wa Kibondo walinitazama mkono kabla ya kutazama mshale kwa miaka.

Mafuta, Kasulu hadi Kibondo na kurudi: shilingi elfu kumi na nane na mia sita.