Siku Nilipomwambia Baba Injini Iko Poa

Harufu ya mvuke wa rejeta, ule wenye kutu na matope, hunifikia kila ninapopita karibu na gari lililochemka, nami hukumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikataa. Kaka yangu Chacha aliniambia nimjibu baba kwa neno moja, nikakubali.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Baba aliendesha tingatinga la minyororo lililokuwa kuukuu kuliko yeye. Shule zilipofungwa alituchukua kutoka kwetu Suna hadi Kisegi, kando ya ziwa, alikokuwa akichimba lambo la mifugo. Yeye alikuwa Mkuria, mama Mjaluo, kwa hiyo nyumbani tulikutana kwenye Kiswahili: chake cha kambi za barabara, chetu cha vijana wa mjini.

Kuchimba hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuipoza ile injini. Kipimo chake cha joto kilikufa zamani, mbegu za nyasi ziliziba rejeta, na kila baada ya muda tulilazimika kusimama. Tuliteka maji ziwani, tukayaacha matope yatulie, tukayachuja kwa leso kuukuu ya mama. Kisha zamu yangu ilifika. Niliweka kiganja juu ya rejeta, na nikiweza kusali Baba Yetu mpaka amina bila kuondoa mkono, baba alifungua kifuniko. Chacha aliniita padri wa vyuma.

Ijumaa moja injini ilichemka tena na tena. Mwenye shamba alikuwa Msabato. Jua likizama hakutaka kusikia mngurumo wowote, na baba alikuwa ameahidi kumaliza ukingo kabla ya hapo. Sisi tulitaka kuwahi lori la kurudi Suna. Nilifika "ufalme wako uje," nikauvuta mkono.

Baba alikuwa amelala chini ya tingatinga akikaza mnyororo. "We padri, imepoa?"

Chacha akaninong'oneza, "Mwambie iko poa. Si uongo. Kwani ina shida gani?"

Kwetu sisi, poa ilikuwa nzuri, haina neno. Kwa baba ilikuwa na maana moja tu, imepoa joto, nami nililijua hilo.

"Iko poa, baba."

Chacha akageuka ili acheke. Baba akatoka, akajifuta grisi, akashika kifuniko kwa gunia, akakizungusha. Maji yalimrukia usoni, mekundu kwa kutu. Alipiga ukelele mmoja, kisha akauliza kama sisi tumeungua.

Hospitalini Homa Bay alimwambia mama, "Mtoto alisema Kiswahili chao, mimi nikasikia changu." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Watu wote wakakubali kwamba neno ndilo lililotuponza, nami nikajificha nyuma ya neno hilo kwa miaka. Nilikuwa tayari baba wa watoto nilipokiri moyoni kwamba Chacha alinipa jibu tu. Aliyeujua ule moto wa rejeta nilikuwa mimi peke yangu.

Baba hakuona tena. Aliishi miaka kumi na mmoja akijilaumu kwa kutonielewa, akafa kabla sijamwambia ukweli na kumwomba msamaha.