Mkwe wa Bhoke Juu ya Barabara

Bhoke Waisiko, mkulima wa mihogo wa Nyambureti, hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Hata ndege iliyompeleka Marekani kumwona binti yake Eunice aliipanda kama basi la Mugumu kwenda Musoma, akauchapa usingizi. Lakini Jumapili Eunice na mumewe walipompeleka kwenye bustani katikati ya jiji, akaambiwa barabara kuu inapita chini ya nyasi alizokanyaga, malori na kila kitu, aliinua mguu mmoja, kisha wa pili.

"Kwa hiyo udongo huu wameupandisha huku juu?" Aliuchokonoa kwa kidole, akaunusa. Udongo mzuri kabisa, na hakuna aliyepanda hata mstari mmoja wa mahindi. Alisikitika kweli.

Ila kilichomkaa rohoni kilikuwa mkwe wake, Deus. Mwaka jana Eunice alipougua, Deus ndiye aliyemwogesha na kumkorogea uji, na Bhoke alifunga safari hasa kumshukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka siku hiyo alikuwa hajasema neno. Kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawali pamoja wala kutazamana usoni. Ndiyo heshima yenyewe. Deus, mtoto wa Dar es Salaam, alimjia uwanja wa ndege mikono wazi amkumbatie, Bhoke akakimbilia nyuma ya toroli la mizigo. Tangu hapo Deus akiingia sebuleni, yeye anatoka kupitia jikoni.

Hapo bustanini Deus alimfuata kwenye benchi na aiskrimu. Bhoke akasogea. Deus naye akasogea, kwa wema wake. Benchi lilipokwisha, Bhoke alisimama akajifanya anatazama maua. Deus akaondoka taratibu, aiskrimu ikimchuruzika mkononi.

"Mama," Eunice alisema kwa sauti ya chini, "Deus anasema humpendi. Ananiuliza amekukosea nini."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia ni mila. Anadhani namfariji tu."

Bhoke aliumia. Angeweza kumtuma Eunice apeleke shukrani, lakini shukrani ya kutuma mtu kwa jambo zito hivyo aliiona nyepesi mno.

"Mwambie akae pale kwenye nyasi, anipe mgongo."

"Mama, atazidi kuumia."

"Wewe mwambie."

Deus alikaa, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Bhoke akaja akaketi nyuma yake, naye akampa mgongo, nafasi ya kutosha katikati. Chini yao magari yalinguruma.

"Baba," alisema, kwa kuwa jina la mkwe halitamkwi, "nilipoambiwa Eunice yuko taabani, nililia. Nikasema mwanangu anafia ugenini, hana mama wa kumshika. Kumbe mama alikuwepo."

Mabega ya Deus yalitikisika. Akaanza kugeuka.

"Usigeuke, baba," Bhoke alisema. "Na mimi nalia."